Karani wa makaburi aliyewahamisha wafu kwa kidole kimoja

Alhamisi, tarehe 14 Novemba. Mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika alfajiri, lakini mawingu bado ni mazito na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mwenye buti za mpira na sweta la kijivu anapita katikati ya makaburi akiwa amekumbatia faili la plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Anasimama penye kibao cha saruji kisichozidi ukubwa wa tofali. Anainama, anafuta tope kwa kiganja, anasoma namba. Anafungua faili, anafuatisha mstari kwa kidole mpaka aione namba ile ile, kisha anasoma kwa sauti jina lililo kando yake.

"Ndiye," anajibu mwanamume aliyesimama nyuma yake, chepe begani. "Huyo namkumbuka. Watu wake walikuja na malori mawili, wakaimba mpaka jua likazama."

Anatia alama ya vema. Hatua nne mbele, kibao kingine.

Hii ni mara ya tatu wanayapitia makaburi haya, moja baada ya jingine, na leo wamefika mstari wa mwisho. Saa nne atafika mgeni anayesubiri jibu. Jibu lenyewe limo ndani ya faili, na mwanamke huyu analijua tangu juzi. Usingizi umemkimbia tangu hapo.

Ana umri wa miaka 56 na ni karani wa makaburi ya umma. Wenzake kazini, madereva wa magari ya maiti, hata watoto wa mtaa wa jirani wanamwita Mama Daftari. Amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa kwa lile la kwenye kitambulisho hachelewi tu kugeuka, hageuki kabisa. Mwenye chepe naye ni mchimbaji, na anaitwa Chepe. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane.

Wengi wanaolala hapa hawana mawe yenye majina. Familia zao hazikuweza. Wana kibao cha saruji chenye namba, basi. Kinachounganisha namba na mtu ni kitabu kilichokuwa kikikaa ofisini, kwenye kabati la chuma.

"Mtu akifa anapotea mara moja," anasema Mama Daftari. "Kitabu kikipotea, anapotea mara ya pili. Na hiyo ya pili ni kosa la karani. Mungu hahusiki."

Anasema hivyo akiangalia chini, kwa sababu karani anayemzungumzia ni yeye.

Mwanzoni mwa mwaka huu ofisi kuu ilibandika tangazo ukutani. Kila karani asiye na cheti cha kompyuta ifikapo mwisho wa mwaka atapangiwa kazi nyingine. Mama Daftari alilisoma mara mbili, akakunja miwani.

"Nilijua hiyo kazi nyingine ni ipi," anasema. "Ni ufagio. Siudharau ufagio, nimefagia maisha yangu yote. Lakini kuna watu elfu na zaidi pale nje ambao nawajua kwa majina. Nani angewajua?"

Akajiandikisha chuoni, kozi ya awali ya kompyuta na programu za ofisi, miezi sita, jioni tatu kwa wiki, saa kumi na moja hadi saa moja. Ada yake ilikuwa theluthi ya mshahara wake wa mwezi, na aliilipa kwa mafungu matatu.

Darasa lipo ghorofa ya pili. Lina kompyuta ishirini, tatu kati yake hazijawaka tangu zilipowekwa, na feni moja inayozunguka kwa shingo upande. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane: mlinzi wa benki, mpishi wa hosteli, dereva wa gari la wagonjwa, wasichana waliomaliza shule juzijuzi, na yeye, mkubwa kuliko wote. Mwalimu ni binti wa miaka 27, mdogo kuliko kitinda mimba wa Mama Daftari.

Jioni ya kwanza Mwalimu aliwapa kila mmoja kitambaa cha kufunika mikono, ili wajifunze kuchapa bila kutazama herufi. Mama Daftari alikitazama kitambaa kile, akainamisha kichwa, akafumba macho. Midomo ikawa inacheza.

"Mama, umelala?" Mlinzi aliuliza.

"Naomba."

"Unaombea kompyuta?"

"Naombea mikono. Imechelewa kufika shule."

Darasa likacheka. Lakini kuanzia wiki ya pili, Mwalimu anasema, hakuna aliyegusa kitufe kabla Mama Daftari hajafumbua macho. "Hatukukubaliana. Ilitokea tu. Hata Mlinzi alikuwa anakaa kimya, na Mlinzi hajui kukaa kimya."

Nyumbani alichora vitufe vyote kwenye kipande cha boksi la sabuni, kwa kalamu ya wino, akawa anachapa mezani baada ya chakula. Kitinda mimba wake, anayeishi naye, alikuwa akipita na sahani na kumtania. "Mama, boksi lako halina umeme." Naye anajibu, "Vidole vyangu vinao."

Alikuwa mzito wa kuanza lakini hasahau. Mwezi wa tatu alikuwa anachapa barua nzima bila kosa. Mwezi wa nne wakaingia kwenye majedwali, Ekseli, na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, akapenda.

"Nilipoona ile mistari na vile vyumba vidogo vidogo, nikasema, lakini hiki ni kitabu changu! Hiki nakijua!"

Mwalimu aliwataka kila mmoja atengeneze jedwali la kazi yake halisi, na ndilo litakalotahiniwa. Mpishi akaleta orodha ya stoo. Dereva akaleta safari zake. Mama Daftari akaja na kitabu cha tatu kati ya vile vya makaburi.

Kitabu cha tatu kilikuwa kimeoza. Paa la ofisi lilivuja misimu miwili, na kurasa zilikuwa zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Kilikuwa na makaburi 412, namba 830 hadi 1241, na safu mbili tu, namba na jina. Tarehe za mazishi zilikaa kwenye vibali, na vibali vya miaka ile vilihamishiwa ofisi kuu, havikuonekana tena.

Kwa wiki tano alichapa majina hayo, machache kila jioni. Jina lisilosomeka alilipeleka dirishani kwenye mwanga. Lililogoma kabisa alimwita Chepe.

Alipomaliza, akataka kufanya jambo moja zuri zaidi. Kwa miaka mingi wafiwa walisimama mlangoni kwake wakisubiri huku akifunua kurasa moja moja, wengine wakilia. Mwalimu alikuwa amefundisha jinsi ya kupanga majina kwa alfabeti. Mama Daftari alikuwa amekosa nusu ya pili ya kipindi hicho, kwa sababu siku hiyo maziko yalichelewa. Lakini aliona wenzake wanavyofanya.

Akachagua safu ya majina. Akabonyeza.

Kompyuta ikamuuliza swali kwa Kiingereza. Ilitaka kujua kama ivute na safu ya namba pamoja na majina, au ipange majina peke yake.

"Nikaona neno linalosema kama kupanua," anakumbuka. "Nikaogopa. Nikasema, hapana, usiniguse namba zangu, namba ziko sawa. Panga majina tu."

Kufumba na kufumbua, majina 412 yakapanda na kushuka, yakajipanga vizuri kutoka A hadi Z. Namba zikabaki zilipokuwa. Kila mtu akahama kaburi lake, na hakuna aliyeona, maana jedwali lilikuwa linapendeza.

Akahifadhi. Mwalimu amewazoeza hivyo: hifadhi, hifadhi, hifadhi. Akahifadhi kwenye kompyuta ya chuo, akahifadhi kwenye flashi anayoining'iniza shingoni, akahifadhi kwenye kompyuta ya ofisini. Kosa moja, sehemu tatu.

Wiki mbili baadaye Msimamizi wa makaburi alipofika ofisini akakuta kile kitabu kinanuka uvundo juu ya kabati. Akauliza kama bado kina kazi.

"Mimi ndiye niliyesema kitupwe, nacho kikatupwa," anasema Mama Daftari. Hatafuti pa kujificha. "Nilisema, 'Bosi, hao wote wamo kwenye kompyuta.' Nilisema kwa majivuno. Nimemwomba Mungu msamaha wa kosa la kidole, na nimemwomba msamaha wa hilo la mdomo. Hilo la mdomo ndilo linaniuma."

Mgeni wa saa nne alikuja kwa mara ya kwanza mwezi Septemba. Ni mshonaji wa miaka 41, mwenye sindano mbili zilizochomekwa kwenye ukosi wa blauzi hata siku za safari. Mama yake alizikwa hapa miaka tisa iliyopita, wakati yeye akifanya kazi kiwandani katika nchi ya mbali, na mwajiri hakumpa ruhusa. Mjomba ndiye aliyezika. Mjomba naye amekwisha kufariki, na karatasi zake hazikupatikana.

Mama Daftari alimkalisha kwenye benchi, akawasha kompyuta, akachapa jina. Nusu dakika. Namba 1107.

"Nilifurahi," anasema. "Nilisema moyoni, asante Bwana, huyu hakusubiri."

Akampeleka mwenyewe. Mshonaji akapiga magoti, akaweka maua, akalia kilio cha miaka tisa. Chepe alikuwa akipalilia karibu, akavua kofia. Baada ya muda mrefu mshonaji akanyamaza. Akanyoosha mkono juu ya udongo, akaurudisha, akaunyoosha tena. Akageuka.

"Mama," alimwambia karani, "hapa hapamtoshi mama yangu."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mimi ni fundi. Jicho langu linapima bila kuambiwa. Mama yangu alikuwa mrefu kunishinda. Hapa hapamtoshi."

Mama Daftari akamtazama Chepe. Chepe alikuwa anatazama kofia yake.

"Huyu ni mtoto, Mama Daftari," alisema polepole. "Nilimchimba mwenyewe. Baba yake alishika taa."

Mama Daftari anasema hakumbuki alivyorudi ofisini. Anakumbuka alivyofungua jedwali na kutazama jina la juu kabisa, la mzee aliyekuwa fundi saa, ambaye yeye mwenyewe alimzika pembeni mwa ukuta, mwisho kabisa. Mbele ya jina lake palikuwa na namba 830. Namba 830 iko langoni.

Nyuma yake mshonaji alisimama mlangoni, viganja vina udongo.

"Nimemlilia mtoto wa watu," alisema. "Mama yangu yuko wapi?"

Jioni hiyo hiyo Mama Daftari alipanda ngazi za chuo na kumweleza Mwalimu. Mwalimu alikaa mbele ya skrini, akalipitia jedwali hadi chini.

"Nilitaka kumwambia kuna namna," Mwalimu anasimulia. "Ukikosea na kurudisha papo hapo, kompyuta inakumbuka ulichofanya. Ukishafunga faili, imesahau. Na hapakuwa na nakala ya kabla. Nilimwambia, mama, yaliyomo humu ni majina kweli na namba kweli, lakini hayajuani tena. Aliniuliza swali moja tu. 'Mwalimu, ningekuja kile kipindi chote ningejua?' Nikamwambia ndiyo. Sikuweza kumdanganya."

Alikwenda nyumbani akapiga magoti kando ya kitanda. Kitinda mimba wake akamsikia akiomba na kulia kwa pamoja, akaingia bila kubisha. Alipoelezwa akashika kiuno.

"Mama, na yale madaftari yako ya sala?"

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati lenye madaftari ya shule kumi na manne. Tangu aajiriwe, Mama Daftari ana desturi moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu wa kazini. Kila jioni anaandika majina ya waliozikwa siku hiyo, anawataja mmoja mmoja mbele za Mungu, kisha analala. Kando ya kila jina aliandika namba ya kaburi.

Kwa nini namba? Anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Majina yanafanana. Najua Mungu hachanganyi. Mimi ndiye ninayechanganya, kama mlivyoona."

Aliyabeba madaftari hayo hadi chuoni. Mwalimu akaahirisha somo lililopangwa, akayagawa madaftari kwenye kompyuta kumi na nne, akasema leo tunachapa. Walichapa jioni sita. Lakini madaftari ya sala hayana majina ya wafu peke yake, na baada ya nusu saa ya kwanza Mlinzi alianza kucheka kwa kujibana.

"'Ee Bwana,'" alisoma kwa sauti, "'mpe Chepe nguvu ya kuacha sigara, na umpe Msimamizi moyo wa kurekebisha paa, na kama hataki moyo, mpe hata aibu.'"

"Chapa majina, wewe!" Mama Daftari alimkemea, uso umemwiva.

"Nachapa, mama, nachapa. Hili la aibu niliweke safu gani?"

Habari zilimfikia Chepe kesho yake. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanisengenya kwa Mungu," alimwambia. Kisha, akiwasha sigara, "Na hajakujibu."

"Sijachoka kumwambia," alijibu.

Madaftari yalirudisha makaburi 401. Kabla ya kuamini karatasi, Mama Daftari na Chepe walilipitia kila moja kwa miguu. Mbali na mshonaji, watu wawili walikuwa wamekwisha kuelekezwa vibaya kwa lile jedwali. Aliwafuata majumbani kwao. Mmoja alimpa kiti na maji. Wa pili alimfungia mlango, naye akasimama nje akaomba radhi kwa sauti, kwa mlango, akaondoka.

Yakabaki kumi na moja. Namba 963 hadi 973.

Miaka tisa iliyopita Mama Daftari alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akalazwa wiki tatu. Ofisi ilileta karani wa muda. Kwa wiki hizo tatu daftari la sala lina ukurasa mtupu, na juu yake, kwa mwandiko unaotetemeka, maneno mawili: "Naumwa, Bwana."

Mama wa mshonaji alizikwa ndani ya wiki hizo.

Majina kumi na moja, namba kumi na moja. Karani alianza kuwatafuta watu wao kila siku ya mapumziko, mtaa kwa mtaa. Familia sita zilikuwa zinazuru makaburi yao na zikaonyesha kwa mkono. Mbili zilikuwa zimehifadhi stakabadhi za mazishi zenye namba, moja ndani ya kitabu cha dini, nyingine imeviringishwa ndani ya soksi. Yakabaki matatu: 966, 967 na 971. Na majina matatu: mama wa mshonaji, mzee mmoja muuza magazeti asiyejulikana kwao, na mwanamke ambaye watoto wake walihama zamani, wakaacha chumba cha kupanga kitupu.

Chepe alikuwa amechimba yote matatu. Alisimama mbele yake asubuhi nzima, akatikisa kichwa. "Wote watu wazima. Wiki ile tulikuwa tunazika mfululizo. Nikisema nakumbuka, nitakuwa nasema tu."

Juzi, Msimamizi alimwita ofisini. Si mtu mbaya. Paa, kwa mfano, limekwisha kurekebishwa.

"Mpe moja," alimwambia. "Mfiwa anataka mahali pa kulia. Hataki hesabu zako. Ukimpa 967 ataondoka na amani, nawe utawasilisha jedwali lililokamilika chuoni, upate cheti, kazi yako ibaki. Nani atajua?"

"Kuna wawili watakaojua, bosi. Mmoja yuko juu, mwingine ni mimi."

"Na akiondoka akilia?"

Mama Daftari anakiri kwamba alirudi kwenye meza yake, akaweka kidole juu ya kitufe, akakaa hivyo. Chumba cha jedwali kilikuwa wazi mbele ya jina la yule mama, kinasubiri tarakimu tatu. Alimfikiria mshonaji akipanda gari na moyo mwepesi. Alifikiria ufagio. Alikaa mpaka chai ikapoa.

Kisha akachapa, kwenye vyumba vyote vitatu: BADO HAIJULIKANI. Akahifadhi.

Alipomwonyesha Mwalimu jioni, alitegemea kuambiwa kazi haijakamilika. Mwalimu alisoma hadi chini. "Mama," alimwambia, "nimesahihisha majedwali ya watu wengi. Hili ndilo la kwanza lililonifanya niamini kila kilichoandikwa juu yake." Cheti kitatolewa mwezi ujao.

Saa nne imefika. Mshonaji anaingia langoni akiwa na begi la safari na maua yaliyofungwa kwa gazeti. Gari lake linaondoka mchana, na mkataba wake mpya kiwandani ni wa miaka miwili. Msimamizi yupo, ameshika mwavuli uliofungwa. Mwalimu yupo, na Mlinzi, aliyebadilishana zamu, na Mpishi. Chepe amesimama kando, chepe ameliegemeza ukutani.

Mama Daftari anawaongoza hadi mstari wa nyuma. Hazunguki.

"Mwanangu, nitakuambia ninachokijua, na nitaishia hapo. Mama yako ni mmoja kati ya hawa watatu. Huyu, huyu, au yule wa pale. Zaidi ya hapo sijui."

Mshonaji anatazama kaburi moja, halafu jingine. Matone yaliyobaki kwenye majani yanadondoka.

"Miezi miwili, mama," anasema. "Miezi miwili nimesubiri uniambie hivyo?"

"Ndiyo."

"Nitajie moja. Kwa kukisia tu. Moyo wako unakuambia lipi?"

"Moyo wangu uliniambia namba ziko sawa, nikauamini. Siwezi kukupa tena kitu ambacho sikijui."

Msimamizi anakohoa. Mshonaji anageuza uso, anauma mdomo. Kwa kitambo inaonekana ataondoka. Anatembea hatua kadhaa kuelekea langoni, begi linagonga mguu wake, kisha anasimama huku akiwapa mgongo.

"Ungeweza kunidanganya," anasema, bila kugeuka. "Nisingejua mpaka nife."

"Ningeweza."

Anarudi. Anaweka begi chini kwenye majani mabichi, anafungua gazeti, anayagawa maua kwa macho ya fundi, mafungu matatu yaliyo sawa. Anapiga magoti mara tatu. Penye kila kaburi anaita, "Mama," kwa sauti ya chini, na kunyamaza, kama anayesubiri kuitikiwa.

Anapoinuka mara ya tatu, anamshika karani mkono.

"Mimi naondoka. Wewe unabaki. Nani atakuwa naye?"

Mama Daftari amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Amekwisha kupata fununu kwamba watoto waliohama wa yule mwanamke wanafanya kazi kwenye kinu cha mbao, na anajua meza aliyokuwa akiuzia magazeti yule mzee, na nani aliyeirithi. Jina moja likipata kaburi lake, yanabaki mawili. Mawili yakipata, la tatu limejulikana lenyewe. Ndiyo hesabu anayolala nayo na kuamka nayo.

Anawageukia wote waliosimama pale, Msimamizi, Mwalimu, Mlinzi, Mpishi na Chepe. Anamwomba Mungu kimya, macho wazi, bila kuuachia mkono wa mshonaji. Kisha anasema kwa sauti, taratibu, kila neno lifike:

"Nyinyi nyote ni mashahidi. Sitaandika jina la mama huyu juu ya kaburi nisilolijua. Kila siku ya mapumziko niliyobakiwa nayo nitawatafuta watu wa hao wawili wengine. Nikistaafu sijawapata, sitamkabidhi mtu kazi hii mpaka asimame hapa niliposimama, ayarudie maneno haya haya mbele ya Chepe. Na wewe, mwanangu, nenda kazini. Mpaka siku nitakayokupigia simu, makaburi haya matatu yote ni ya mama yako, na nitayapalilia yote kwa mkono wangu."